Uchungu wa kihamba si kasoro

Mvua za masika zinapokaribia, maduka ya pembejeo ya Moshi mjini hujaa wakulima kutoka Kibosho, Machame, Marangu na Rombo wanaotafuta dawa ya kupulizia maharage, nyanya na kahawa. Huko walikotoka, mipaka ya mashamba imefyekwa hadi udongo mwekundu unaonekana, kwa kuwa tumefundishana miaka mingi kwamba shamba safi ni lile lisilo na gugu hata moja. Tunayafanya mambo haya mawili kana kwamba hayahusiani. Ukweli ni kwamba sehemu ya kemia iliyomo katika chupa za dukani ilianzia kwenye majani, magome na maua, mamilioni ya miaka kabla ya mtu wa kwanza kushika jembe. Hoja yangu ni kwamba tuliichukua sumu ya mimea tukaacha mambo yanayoifanya idumu: kipimo chake, mahali inapowekwa, na wingi wa aina zake. Wadudu wanaotushinda leo wanatushinda kwa sababu ya hayo tuliyoyaacha, na kihamba, yaani shamba la nyumbani la Mchaga, pamoja na magugu yake, bado kinayo.

Tuanze na kahawa, maana ndiyo iliyoujenga mji wa Moshi. Wamisionari Wakatoliki waliipanda Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na kufikia mwaka 1933 wakulima wa mlimani walikuwa na chama kikuu chao cha ushirika, KNCU. Tunaijua bei yake na tunayajua magonjwa yake, chulebuni na kutu ya majani. Swali tusilojiuliza ni kwa nini mmea huu una kafeini. Haikuwekwa humo ili mtu wa Ulaya apate kuamka asubuhi. Molekuli moja ya kafeini ina atomi 4 za naitrojeni, kirutubisho kilekile ambacho akina mama wa mlimani hubeba kwa ndoo za samadi kutoka zizini hadi kwenye mashina ya migomba na mibuni. Mmea hauwezi kutumia kitu adimu kiasi hicho kutengeneza takataka. Lakini hadi katikati ya karne ya 20 wataalamu wengi waliziona kemikali za aina hii kuwa ni mabaki tu ya shughuli za ndani ya mmea. Mwaka 1959 Gottfried Fraenkel aliandika katika jarida la Science kwamba kemikali hizo zipo kwa sababu ya wadudu, na mwaka 1984 James Nathanson akaonyesha kwamba kafeini na jamaa zake, kwa viwango vinavyopatikana ndani ya mimea yenyewe, huwavuruga viwavi katika kula na kukua, na hata huwaua.

Hakuna aliyekaa akapanga hivyo, na nikisema mmea unajilinda sisemi kwamba unafikiri. Mababu wa mibuni ya leo hawakufanana. Waliokuwa wachungu kidogo kuliko wenzao waliachiwa majani mengi zaidi, wakazaa mbegu nyingi zaidi, na wazao wao wakaurithi uchungu huo. Jambo hilo likirudiwa kwa vizazi visivyohesabika, uchungu mdogo unakuwa silaha. Ushahidi kwamba njia hii hutokea kweli ulipatikana mwaka 2014, jenomu ya kahawa ya robusta ilipochapishwa: vimeng'enya vinavyotengeneza kafeini kwenye kahawa vina chimbuko tofauti na vile vya chai na kakao. Jamii hizo za mimea zilifika kwenye kemikali ileile kila moja kwa njia yake. Tukitazama ndani ya ukoo wa kahawa tunaona tofauti nyingine. Arabika tunayolima Kilimanjaro ina kafeini ya takribani asilimia 1.2 ya uzito wa punje kavu, ilhali robusta ya Kagera, iliyotokea kwenye misitu ya chini yenye joto, ina karibu mara mbili ya hiyo. Spishi nyingi za kahawa mwitu za Madagaska zina kidogo mno au hazina kabisa. Atakayesema kwamba basi kafeini si lazima kwa mbuni amesema kweli, na hapo ndipo penye somo: ulinzi una gharama, na mmea usiosumbuliwa, au wenye njia nyingine ya kujikinga, hauna faida ya kuilipa.

Tazama tawi la mbuni wiki chache baada ya mvua. Majani mawili ya kileleni ni laini na yanang'aa, unaweza kuyakunja katikati ya vidole yasikatike. Kiwavi angeyamaliza usiku mmoja. Humo ndimo kafeini ilimojaa. Shuka chini ya tawi hilohilo ukalishike jani la zamani, gumu na la kijani kilichokolea: kafeini yake imepungua, maana ugumu wake sasa unatosha kuwachosha walaji wengi. Punje nayo imehifadhiwa vizuri, kwa kuwa ndiyo mche wa kesho. Kwenye ua kipimo kinashuka hadi chini ya kiwango ambacho nyuki angehisi uchungu. Mwaka 2013 Geraldine Wright na wenzake walionyesha kwamba nyuki waliopewa kafeini kidogo hivyo katika maji ya sukari waliikumbuka harufu ya ua baada ya saa 24 mara 3 zaidi ya wenzao waliopewa sukari tupu. Kemikali moja, katika mmea mmoja, inamfukuza mlaji kwenye jani na kumrudisha mchavushaji kwenye ua, na tofauti yote ni kiasi na mahali. Ukilinganisha na pampu yetu ya mgongoni, inayomwaga dawa ileile kwa kipimo kilekile kuanzia shina hadi ua, unaona ni nani aliyeifikiria kazi hii kwa undani zaidi, hata kama hakuifikiria.

Wadudu nao hawakai wakisubiri. Paul Ehrlich na Peter Raven waliandika mwaka 1964, wakitumia vipepeo na mimea inayoliwa na viwavi wao, kwamba pande hizi mbili hubadilishana kwa zamu: mmea unapata kemikali mpya, walaji wengi wanaachana nao, kisha wachache wanapata njia ya kuivunja na wanaupata mmea huo peke yao. Mdudu mdogo mweusi anayetoboa tunda la kahawa ni mfano ulio karibu nasi. Anazaliwa na kukulia ndani ya punje yenye kafeini ya kutosha kuwaua wengine. Mwaka 2015 ilichapishwa kwamba bakteria wa tumboni mwake, hasa wa jenasi ya Pseudomonas, ndio wanaoivunja kafeini hiyo; wakiuawa kwa dawa, uwezo huo hutoweka. Mtu anaweza kuuliza: kama mdudu hatimaye hushinda, ulinzi una maana gani? Una maana kwa sababu aliyeshinda ni mmoja kati ya maelfu. Mmea haukusudii kumaliza wadudu duniani. Unapunguza idadi ya wale wanaoweza kuula, na mara nyingi hata kuua hauhitaji. Mwaka 1976 Isao Kubo, Koji Nakanishi na wenzao, katika kazi iliyohusisha kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE cha Nairobi, walieleza kemikali ya warburganali kutoka miti ya Warburgia ya Afrika Mashariki. Kiwavijeshi akiwekewa jani lililopakwa kemikali hiyo halili. Ana njaa, chakula kipo mbele yake, na anakikataa.

Sasa tuone sisi tulifanya nini na urithi huu. Ua la pareto, linalolimwa katika nyanda zetu za juu, lina kemikali 6 za ukoo mmoja ziitwazo pairethrini, ambazo hushambulia neva za wadudu na kuwaangusha kwa muda mfupi. Jua huzivunja haraka. Wakemia waliliona hilo kuwa ni kasoro, na kwa mtu anayetaka dawa ya kupulizia shambani kweli lilikuwa kasoro. Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, walitangaza permethrini, nakala ya kiwandani isiyoogopa jua. Jamaa zake, pairethroidi, zikaenea kwenye pamba, mboga, kuta za nyumba na vyandarua, vikiwemo vile vilivyotengenezwa Arusha na kiwanda cha A to Z, dawa ikiwa ndani ya nyuzi zenyewe. Kilichokuwa mchanganyiko mfupi wa maisha ndani ya ua kikawa molekuli zinazokaa miezi na miaka, kila mahali, usiku na mchana. Kwenye mashamba ya mpunga ya Moshi ya Chini, eneo la Mabogini, matokeo hayakuchelewa. Mwaka 2010 watafiti walichapisha katika jarida la Malaria Journal kwamba mbu wa Anopheles arabiensis wa eneo hilo walikuwa na usugu dhidi ya permethrini, na kwamba miili yao ilikuwa na kiwango cha juu cha vimeng'enya vinavyoivunja. Mbu walifanya kile ambacho wadudu wengine wamefanya dhidi ya mimea tangu zamani, ila sisi tuliwarahisishia kwa kuwapa mtihani mmoja usiobadilika.

Mtaalamu anaweza kunikatiza hapa, na atakuwa na haki: hizo pairethrini 6 za ua zote hugonga mlango mmoja kwenye neva ya mdudu, kwa hiyo mbu aliyezoea permethrini anaweza kuistahimili hata pareto ya asili. Ni kweli. Wingi wa molekuli peke yake hautoshi kama zote zina shabaha moja. Lakini ndani ya shamba la asili pareto haiko peke yake, haipo kwenye kila jani la kila mmea, na haidumu. Pingamizi la pili ni zito zaidi: vyandarua hivyo vimeokoa watoto wengi mno, na mwandishi aliyeshiba asivibeze kwa nadharia ya majani. Sivibezi. Namshauri kila mzazi aendelee kulaza mtoto ndani ya chandarua leo usiku. Ila tazama jinsi tatizo lilivyopatiwa dawa. Katika utafiti uliofanyika Misungwi, mkoani Mwanza, ukishirikisha Chuo Kikuu cha KCMC cha hapa Moshi pamoja na taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, NIMR, vyandarua vyenye pairethroidi pamoja na klofenapiri, ambayo hushambulia sehemu tofauti kabisa ya mwili wa mbu, vilipunguza visa vya malaria kwa watoto kwa asilimia 44 katika miaka 2 vikilinganishwa na vya kawaida. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2022, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likavipendekeza. Vyandarua vingine vina PBO, kemikali inayozima vimeng'enya vya mbu, na njia ya kuifikia ilifunguliwa mwaka 1940 ilipogunduliwa kwamba mafuta ya ufuta huongeza nguvu ya pareto. Baada ya miongo ya molekuli moja, tumerudi kwenye kuchanganya.

Kwenye kihamba kuchanganya hakujawahi kukoma. Mwaka 2006 Andreas Hemp alichapisha hesabu ya mimea ya vihamba vya Kilimanjaro: zaidi ya spishi 500, na takribani 400 kati ya hizo hazikupandwa na mtu. Tunaziita magugu. Baadhi yake zimepimwa. Mwaka 2015 watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha na wenzao wa Uingereza, miongoni mwao Patrick Ndakidemi, Philip Stevenson na Steven Belmain, walichapisha jaribio la shambani la kaskazini mwa Tanzania, wakitumia mimea 4 ya mipakani dhidi ya wadudu wa maharage: utupa, alizeti pori, Lippia yenye harufu kali, na Vernonia amygdalina, kichaka cha majani machungu ambacho Wanigeria hukipika kuwa mboga. Majani husagwa, hulowekwa kwenye maji yenye sabuni kidogo, huchujwa, kisha hupuliziwa. Maji hayo yaliwadhibiti wadudu wakuu kwa kiwango kilichokaribiana na dawa ya dukani ya kundi la pairethroidi. Buibui na wale mbawakavu wenye madoa wanaokula vidukari walidhurika kidogo kuliko kwenye vipande vilivyopigwa dawa ya dukani. Na kwa upande wa fedha, faida ya kila dola iliyotumika ilikuwa kubwa zaidi kwa majani; dawa ya dukani haikumzidi mkulima ambaye hakupuliza chochote. Kwa maoni yangu hilo la mwisho ndilo lililopaswa kuandikwa kwenye mlango wa kila ofisi ya ugani.

Najua watakaolisoma hili wataruka moja kwa moja hadi kwenye kauli kwamba dawa ya asili haina madhara. Hapo siungi mkono hata kidogo. Utupa huohuo hutumika tangu enzi kuwalevya samaki mitoni, kwa kuwa una rotenoidi, jamaa za rotenoni, kemikali inayozuia seli kutengeneza nguvu. Rotenoni ilipotumiwa kwa panya wa maabara ilileta dalili zinazofanana na za ugonjwa wa Parkinson, na Umoja wa Ulaya umeiondoa kwenye viuatilifu vyake. Kwa hiyo maji ya utupa hayamwagwi karibu na mfongo unaopeleka maji kwa jirani, na mpulizaji hujifunika kama anavyojifunika kwa dawa nyingine. Sumu haiulizi ilizaliwa kiwandani au mpakani. Muhogo mchungu, ambao umelisha mamilioni, una kemikali zinazotoa sianidi, na ukiliwa bila kulowekwa na kukaushwa vya kutosha huleta konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ulioripotiwa Tarime katika miaka ya 1980. Waliojua kuishi na sumu za mimea walijua kipimo. Hata sokwe wanajua. Novemba 1987, katika milima ya Mahale kando ya Ziwa Tanganyika, Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde walimwona sokwe jike mgonjwa akivunja tawi la Vernonia hiyohiyo, akalimenya gome, akatupa majani, kisha akatafuna moyo wa tawi na kumeza maji yake machungu. Siku iliyofuata alikuwa amepata nafuu. Sehemu aliyoitupa, majani, ndiyo yenye vernodali nyingi, kemikali kali zaidi. Na wapikaji wa mbege wanaotia gome la msesewe kwenye ulezi wanajua vilevile kwamba gome likizidi pombe hainyweki.

Kinachonipa shaka zaidi kuhusu upande ninaoutetea ni kutotabirika kwa mimea yenyewe, na ajabu ni kwamba kutotabirika huko kunatokana na mageuzi yaleyale niliyoyasifu. Utafiti wa Malawi uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba utupa una aina mbili za kikemia. Aina ya kwanza ina rotenoidi na inaua wadudu. Ya pili haina, na haifai kwa kazi hiyo, ingawa kwa macho zinafanana na baadhi ya wakulima walikuwa wakiitumia wakiamini ni ileile. Kwa utupa kama jamii, kuwa na sura mbili huenda ni faida. Kwa mkulima mwenye nusu eka ya maharage ni hasara tupu. Wanaosema kwamba dawa ya majani haiaminiki wanasema juu ya jambo halisi, na jibu la kulikwepa kwa kutaja hekima ya mababu halitoshi. Jibu lipo kwenye maabara: jani hupimwa, mche wa aina sahihi huoteshwa, mkulima anapewa huo. Ndivyo tunavyofanya kwa kahawa. Taasisi ya TaCRI pale Lyamungu imetoa aina zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani, na hakuna anayeziita kienyeji.

Wazalishaji wa mbegu nao wana la kujibu, maana tumezoea kuchagua kwa macho mawili tu, mavuno na ladha, na uchungu umekuwa ukitupwa nje pamoja na kazi yake. Mfano mzuri unatoka kwa jirani zetu. Mwaka 2011 Amanuel Tamiru na wenzake wa ICIPE, Kenya, walionyesha kwamba baadhi ya mahindi ya kienyeji, dungadunga, mdudu anayetoboa mabua, akiyatagia mayai, hutoa harufu inayowaita nyigu wadogo wanaoyashambulia mayai hayo na viwavi wake. Mahindi chotara waliyoyapima hayakuita mtu. Hakuna aliyekusudia kuyanyamazisha. Hakuna tu aliyekuwa akipima harufu wakati wa kuchagua. Mkulima wa tambarare za Kahe anayenunua mbegu bora kisha anarudi dukani kununua dawa ya dungadunga analipa mara mbili kwa kitu ambacho babu yake alikuwa nacho bure, ingawa, haki isemwe, babu yake alivuna magunia machache zaidi.

Ninachokitaka si kufunga maduka ya pembejeo. Chulebuni haitaisha kwa maji ya alizeti pori, na mkulima wa nyanya aliyevamiwa ghafla hana muda wa kusaga majani. Kazi hiyo ni ngumu kweli, na mara nyingi inaangukia mikononi mwa wanawake ambao siku yao tayari imejaa. Mpango wowote usioleta mashine ya kusagia au unga uliokwisha kukaushwa ni mpango wa semina. Ninachotaka ni kwamba afisa ugani aache kumhesabia mkulima kosa kwa kuacha mita moja ya vichaka mpakani. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyozaliwa na sheria ya mwaka 2020, iyaangalie maji ya mimea kwa umakini uleule inaouelekeza kwa chupa ya kutoka nje, kwa maana ya kupima ufanisi wake na hatari zake pia. Na kabla ya mradi wowote kugawa miche ya utupa mlimani, kila chanzo cha mbegu kipimwe kwanza. Mkulima akipewa mche bila kuambiwa ni wa aina ipi, akapulizia misimu miwili wadudu wakaendelea kula, atarudi dukani, na hatakuwa amekosea.